Aliyepiga Grisi

Katika kambi ya Spruce Bend, ukitaka kuwakusanya wanaume wote bila kupiga kengele, fungua boneti. Au jilaze chali chini ya trela yako, miguu ikitokeza nje. Hujashika spana bado, watakuwa wamekuzunguka, kila mmoja na kiti chake cha kukunja na kopo lake la bia, na kila mmoja anaujua ugonjwa wa gari lako kuliko waliolitengeneza. Ndiyo maisha ya watu waliouza nyumba zao wakahamia ndani ya trela: kiangazi milimani Colorado, majira ya baridi jangwani Arizona, na katikati ya hapo ni umbeya mtupu.

Siku ile Royce Tackett hakuhitaji hata kujilaza. Watu wote walikuwa wamesimama kando ya njia kuwaaga, maana hewa ilishaanza kunukia theluji, na yeye na mkewe Lorene ndio walikuwa wa kwanza kuondoka. Pikapu mbele, trela nyuma, mikono inapungwa. Kutoka ofisini hadi langoni pana kamteremko kadogo tu, ka kuteleza na baiskeli. Royce akakanyaga breki. Pikapu ikatii. Trela haikutii. Ilimsukuma kwa nyuma kama ng'ombe aliyeona maji, matairi ya pikapu yakaburuzika kwenye changarawe, na ule ubao mkubwa wenye jina la kambi ukaenda chini, pwaa!

Mtu mmoja akapiga makofi.

"Royce! Kama hutaki kuondoka si useme tu, bwana!"

Alikuwa Harlan Boggs, jirani yao, mwenye mdomo usio na kufuli. Watu wakaangua kicheko. Royce naye akacheka, lakini Lorene, aliyekuwa kando yake na mikono yote miwili kwenye deshibodi, aliona shingo ya mumewe ikigeuka nyekundu kuanzia kwenye kola ya shati kupanda juu.

"Breki za trela hazishiki," Lorene akasema.

"Zinashika. Ni changarawe."

"Royce, tumeangusha ubao."

"Nimesema ni changarawe, mama. Ngoja nirudi nyuma kidogo tuondoke zetu."

Lorene akafungua mlango akashuka. Hakuwa mwanamke wa makuu. Miaka mingi alikuwa mpishi wa shule huko Enid, Oklahoma, na mpishi wa shule huzoea kumeza mengi. Lakini mbele ya lango lile kulikuwa na Cutbank. Cutbank ni mteremko ambao hata madereva wa malori huushuka kimya, redio imezimwa. Ukuta wa mlima huku, korongo kule, kona baada ya kona. Mwezi wa saba mwaka huohuo familia moja iliponea kwenye ile njia ya mchanga ya kuokolea magari yaliyokosa breki. Trela yao ilipanda juu ya gari lao, na watu wa Spruce Bend walikwenda kuangalia, wakarudi hawana hamu ya chakula.

"Mimi Cutbank sishuki na hii," akasema. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, lakini watu walisikia.

Basi, viti vikatoka.

Trela kubwa kama ile ina breki zake yenyewe. Dereva akikanyaga, kisanduku kidogo kilichofungwa chini ya deshibodi hupeleka umeme nyuma. Ndani ya kila gurudumu mna sumaku, umeme ukifika sumaku inanata, inavuta, na viatu vya breki vinabana dramu, bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Kikikatika kitu kimoja katika mlolongo huo, mzigo wote unakujia mgongoni. Hilo kila mtu pale alilijua. Ubishi ulikuwa ni wapi pamekatika.

"Ongeza nguvu kwenye kisanduku," alisema wa kwanza.

Royce akaongeza hadi mwisho. Akaendesha polepole uwanjani, akabana kwa kidole ile swichi ya kushikisha breki za trela peke yake. Trela ikaendelea kutembea zake, kama mtu aliyeitwa na mdai wake akajifanya hakusikia.

"Plagi hiyo," alisema wa pili. "Imeota kutu."

Wakaisugua plagi kwa msasa mpaka ikang'aa. Bado.

"Arthi! Siku zote ni arthi. Mkwe wangu alihangaika wiki nzima, kumbe arthi."

Wakafungua waya wa arthi, wakaukwangua, wakaufunga tena kwa skrubu mpya. Bado. Hapo akaitwa Eldon Pfister, mzee mwembamba aliyestaafu kazi ya umeme, akaja na mita yake ndani ya soksi. Akapima mbele, akapima nyuma, akajikunja chini ya trela akapima kwenye kila gurudumu huku Royce amebana swichi. Lorene akamfuata gurudumu hadi gurudumu, akainama, akatega sikio.

"Zinavuma," akasema. "Sumaku zote zinavuma. Umeme unafika, kwa hiyo ubovu uko ndani. Fungueni gurudumu."

Royce akatoa kichwa dirishani. "Mama, hii siyo oveni kwamba ukifungua mlango utaona keki."

Wakacheka tena. Wenye bia wakainua bia.

"Royce, lakini mkeo kasema kitu," Eldon akasema, akijipangusa magoti. "Umeme unafika. Sumaku zinakula umeme kama inavyotakiwa. Mimi kwangu imeishia hapo. Fungua gurudumu."

"Hakuna haja ya kufungua! Trela hii imehudumiwa kuliko mtoto mchanga. Nyie mnanijua. Nani hapa anaosha trela kila Jumamosi?"

"Wewe," wakajibu.

"Nani anakaza nati za magurudumu kila kabla ya safari?"

"Wewe, Royce."

"Sasa gurudumu langu litakuwa na nini ndani?"

Wala hakuwa anajisifu bure. Royce alikuwa na mapenzi na ile trela, mapenzi ya kweli, ya kumkumbusha Lorene miaka ya mwanzo ya ndoa yao. Kila mwezi wa tano, wakishafika Spruce Bend, alikuwa akitandika turubai, anajilaza na pampu yake ya grisi, anapachika mdomo wa pampu kwenye nipo, ile chuchu ndogo ya kuingizia grisi katikati ya gurudumu, na kupiga. Alipiga huku anaimba. Alipiga mpaka mkono unachoka. Siku moja Lorene alimwambia kwamba kitabu cha trela kinasema gurudumu lizungushwe wakati grisi inaingia, tena kidogokidogo, akamjibu kwamba waandika vitabu hawana trela. Pampu ile hakumruhusu mtu kuigusa. Ilikaa kwenye kisanduku chake chekundu, imefungwa kwa kitambaa kama kitu cha kanisani.

Harlan hakungoja ruhusa. Alileta jeki, akainua upande wa kushoto, akafungua nati, akatoa gurudumu. Kisha akavuta dramu.

Haikutoka kirahisi, na ilipotoka ilitoa mlio wa mtu anayechomoa buti kwenye matope. Ndani kulikuwa na grisi. Siyo tone. Grisi imejaa kila pembe, imepita sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia mafuta, imevilowanisha viatu vya breki, imeifunika sumaku, imechanganyika na vumbi jeusi ikawa kama uji wa lami. Harlan akachovya kidole akakiinua juu ili wote waone.

Hapo hata mwenye akili ndogo alielewa. Sumaku ilikuwa inavuta, viatu vilikuwa vinabana, ila vilikuwa vinabana mafuta. Mtu alikuwa amepiga grisi bila kipimo na bila kuzungusha gurudumu, na grisi ikikosa pa kwenda hutafuta njia ya nyuma. Ndugu, tusijidanganye, kosa hilo hufanywa na anayejali. Mvivu breki zake haziharibiki namna hiyo.

"Mama yangu," Eldon akasema taratibu. "Hii nani aliipiga?"

Lorene akamtazama mumewe. Kusema kweli moyoni alimwonea huruma. Alikuwa anatafuta neno la kumsaidia, neno la utani, la kumfunika. Royce alikuwa anapangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Mwaka huu nilimwachia mama," akasema. "Mgongo ulikuwa unanisumbua."

Sekunde moja hivi hakuna aliyecheka. Kisha Harlan akatazama kidole chake, akamtazama Lorene, akasema, "Dada Lorene! Ulifikiri unapaka mkate siagi?"

Walivyocheka! Mmoja alipaliwa na bia. Lorene akabaki anamwangalia Royce, akingoja jicho lake limkonyeze, akingoja ile alama ndogo ya mume na mke inayosema nivumilie tutaongea baadaye. Royce alikuwa ameinama, anachungulia ndani ya dramu, kana kwamba naye ndio kwanza anaona maajabu ya mwanamke.

"Sijawahi kuishika ile pampu," Lorene akasema.

"Ndivyo wanavyosema wote mahakamani!" Harlan akajibu, na kicheko kikaanza upya.

*

Viatu vya breki vilivyokunywa grisi havioshwi vikapona. Ni kutupa. Kesho yake Royce na Harlan walishuka mjini Dolan na pikapu tupu, wakarudi na seti mpya za magurudumu yote manne, na sili mpya, wakashinda nazo mchana kutwa wakigonga na kutukana. Kabla jua halijazama trela ilikuwa inashika breki mpaka matairi yanalia. Royce aliizungusha uwanjani mara tatu, ya mwisho ni ya kujionyesha tu.

Jioni hiyo kulikuwa na karamu ya kufunga kambi, ambapo kila trela hutoa chungu chake. Palikuwa na maharage ya nyama na pilipili, mkate wa mahindi, saladi ya viazi ya aina nne na kila mwenye yake anachungulia ya nani imeliwa. Lorene alileta mabawa ya kuku. Harlan akachukua moja, akalishika kwa ncha za vidole, akaligeuza huku na huku kwenye mwanga wa taa.

"Hili limepigwa grisi na nani?"

Meza nzima ikalipuka. Mpaka mke wa mwenye kambi, ambaye mtu angeweza kukaa naye kiangazi kizima bila kuona meno yake, alicheka. Kufikia wakati wa pai Lorene alishakuwa Mama Grisi. "Mama Grisi, nisogezee chumvi." "Mama Grisi, kiti changu kinalia, njoo na pampu." Na Royce katikati yao, uso umerudi rangi yake, anasimulia jinsi alivyomkuta mkewe chini ya trela na pampu. Alikuwa ameongeza mambo. Sasa Lorene alikuwa amevaa glavu za kuoshea vyombo. Sasa alikuwa ameuliza grisi inaingizwa na chumvi kiasi gani. Hadithi ilikuwa tamu, na Royce alikuwa msimuliaji mzuri. Lorene mwenyewe, kama angekuwa mtu mwingine, angecheka.

Walipoingia ndani kuosha vyombo vyao, Lorene alifunga mlango.

"Utawaambia," akasema.

"Kuwaambia nini?"

"Royce."

"Aa, mama, wanatania! Wanakupenda. Mtu asiyependwa hataniwi."

"Basi wakupende wewe. Waambie ni wewe ulipiga."

Royce akakaa kwenye kochi, akaanza kuvua buti. "Kesho tunaondoka. Utawaona lini tena? Mwakani, na mwakani watakuwa wameshasahau."

"Wade hajasahau."

Royce akasimama na buti moja mkononi. Wade ni mtoto wao, anaishi Pueblo, kazi yake kuezeka mapaa. Nyumba ya Enid ilipouzwa, ile alimozaliwa, ambayo alikuwa amejiwekea moyoni kwamba siku moja atairithi, Royce alimwambia kwa simu, "Mama yako ndiye aliyetaka. Mimi ningefanyaje?" Lorene alikuwa jikoni siku hiyo, akasikia. Alilia usiku kucha katika nyumba ile ambayo hakuwa ametaka iuzwe, na asubuhi hakumpigia mtoto kumwambia ukweli, kwa sababu alijiambia kwamba mwanamume anahitaji mtoto wake amheshimu. Tangu hapo Wade hutuma kadi ya Krismasi, jina lake tu chini.

"Usichanganye mambo," Royce akasema.

"Sichanganyi. Nakuomba kitu kimoja, na sijakuomba kitu siku nyingi. Kesho watakuja kutuaga. Sema kwa mdomo wako: ilikuwa mimi. Maneno mawili. Sema hata kwa kucheka. Nikiyasikia hayo nitapanda gari na sitalitaja tena mpaka tunakufa."

"Na nisiposema?"

Lorene akaupangusa uso wa meza ambao ulikuwa umeshapanguswa.

"Sawa," Royce akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kulala. "Sawa, nitasema. Neno kubwa kweli hilo."

*

Wakaja asubuhi, wote, na vikombe vya kahawa vinavyofuka moshi. Ubao wa kambi ulikuwa umesimikwa tena, umeinama kidogo. Kulikuwa na kukumbatiana, kupeana namba za viwanja vya Arizona, ahadi za kutembeleana. Kabla ya kuondoka lazima breki zipimwe: mmoja anakaa kwenye usukani anabana swichi, mwingine anatembea kando ya magurudumu anasikiliza. Lorene alitembea. Akasikiliza la kwanza, la pili, akazunguka nyuma, la tatu, la nne.

"Zote zinashika," akaita.

"Una hakika, Mama Grisi?" Harlan akadakia. "Maana wewe na breki, dada yangu!"

Kicheko. Lorene akasimama pale pale, kando ya gurudumu la nne, mikono ndani ya mifuko ya koti, akamtazama mumewe kupitia kile kioo kirefu cha pembeni. Wakaonana macho. Nafasi yenyewe ndiyo hiyo, imeletwa mlangoni imefunguliwa. Royce akashusha kioo cha dirisha. Akasafisha koo. Watu wakanyamaza kumsikiliza, maana walizoea kwamba akisafisha koo kitu kitamu kinakuja.

"Jamani," akasema, "niwaambie ukweli sasa, kabla sijaondoka."

Moyo wa Lorene ukapanda.

"Ukweli ni kwamba ile pampu ya grisi nimeifungia kwa kufuli. Na ufunguo ninao mimi!"

Wakapiga makofi. Wakapiga mabati ya trela kwa viganja. Katikati ya zile kelele Twyla, mke wa Harlan, mwanamke mnene mwenye manukato mengi, akamkumbatia Lorene, akamnong'oneza sikioni.

"Shoga, wala usijitie unyonge. Sote tunajua ni yeye. Tulimwona mwezi wa tano, amelala kwenye turubai lake anaimba. Harlan mwenyewe alimpelekea bia kule chini."

Lorene akajitoa kwenye kumbatio. "Harlan alimwona?"

"Si nakwambia? Sote."

"Na mkacheka."

"Sasa tungefanyaje, mpenzi? Tumvue mtu mzima nguo mbele za watu?" Twyla akamrekebisha kola ya koti. "Wewe ni mke. Wewe unabeba. Hata mimi wangu nambebea mengi, ungejua."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililouma. Lorene alikuwa amelala usiku akidhani yuko peke yake na ukweli wake kati ya watu waliodanganywa. Kumbe hakuna aliyekuwa amedanganywa. Walimjua mwenye kosa tangu Harlan alipoinua kile kidole, wakatazama huku na huku kutafuta pa kuliweka, wakaona mgongo wake ndio uko karibu.

Akapanda gari. Angefanya nini? Kitanda chake kilikuwa ndani ya ile trela, na sufuria zake, na picha ya mama yake.

Cutbank waliishuka wakati wa jua la saa nne. Royce alitia gia ndogo, akawa anagusa breki na kuachia, anagusa na kuachia, na kila alipogusa Lorene alihisi trela nyuma yao ikivuta, ikikaa chini, ikitulia. Hakuna kilichowasukuma. Wakaipita ile njia ya mchanga; alama za magurudumu ya mwezi wa saba bado zilikuwa zinaonekana. Kona ya mwisho ilipoisha na bonde likafunguka, Royce akashusha pumzi ndefu, akaweka mkono juu ya goti la mkewe.

"Umeona?" akasema. "Zinashika kama mpya."

"Ni mpya."

"Lakini mwakani, mama, taratibu na ile pampu. Mara mbili tatu inatosha. Usiijaze."

Lorene akageuza kichwa. Alimwangalia upande wa uso, kidevu, sikio lenye mvi, akitafuta utani. Ndani ya gari walikuwa wawili tu. Hapakuwa na Harlan, hapakuwa na mtu wa kuchekeshwa. Royce alikuwa anaangalia barabara na uso wake ulikuwa mtulivu, uso wa mume mwenye subira anayemwelekeza mkewe asirudie kosa.

"Royce, ni nani aliyepiga ile grisi?"

"Tusianze tena."

"Tuko peke yetu. Niambie mimi tu."

"Jambo limeshapita, mama. Mimi sijakukasirikia."

Lorene akatazama mkono ulio juu ya goti lake, na haukuwa tena mkono wa mtu anayemjua.

Mjini Dolan Royce akaingia kituo cha mafuta kilicho njia panda, kwa sababu ukitoka mteremkoni huna budi kugusa kila gurudumu kwa kiganja uone kama limepata moto kupita kiasi. Akashuka akaanza kuzunguka. Lorene akachukua pochi yake na koti, akaingia dukani. Mle mlikuwa na binti nyuma ya kaunta, na madereva wawili wa malori wanakunywa kahawa wamesimama.

"Basi la Pueblo linapita hapa?" akauliza.

"Linapita, mama. Leo mchana. Linasimama pale kwenye benchi."

Kabla hajasema asante Royce aliingia, anajipangusa viganja kwenye suruali, ana furaha.

"Yote yamepoa! Twende, jangwa linatungoja."

"Mimi nakwenda kwa Wade," Lorene akasema.

"Kwa Wade? Kufanya nini?"

"Kumwambia nani aliuza nyumba."

Madereva wakaacha kunywa. Royce akawatazama, akamtazama binti, akatabasamu, akashika kiwiko cha mkewe. Lorene hakukivuta. Alisema taratibu, bila kupandisha sauti:

"Hawa hawakujui, Royce. Hawajui jina lako wala hutawaona tena. Hakuna wa kukucheka. Waambie nani alipiga grisi, nami nitarudi kwenye gari sasa hivi."

Mashine ya kahawa ikakoroma ikanyamaza. Lorene aliona, kwa jicho lake, neno lile likimfika Royce mdomoni. Aliona midomo ikifunguka. Watu watatu wasiowajua wakimngoja. Kisha Royce akawageukia wale madereva, akatikisa kichwa, akacheka kile kicheko chake kizuri.

"Ndugu zangu, mnajua mke wangu alifanya nini? Alipiga breki za trela grisi!"

Dereva mmoja akacheka. "Breki? Lo! Pole sana, mzee."

"Mpaka zikajaa!"

Lorene akatoka nje, akaenda kukaa kwenye benchi. Kulikuwa na upepo mkavu unaosukuma karatasi. Baada ya muda Royce naye akatoka, akasimama mbele yake, akasema hili na lile: kwamba anaaibisha watu, kwamba nguo zake zote ziko ndani, kwamba atampa robo saa. Mara moja alisema, "Mama, tafadhali," na sauti ikamkatika, na Lorene akainua macho upesi. Lakini Royce akapanda pikapu akakaa humo injini ikiwaka, akitazama mbele.

Halafu akaondoka. Lorene aliifuata ile trela kwa macho, nyeupe, safi, imeoshwa Jumamosi. Ilikwenda mpaka kwenye taa za njia panda, taa ikawa nyekundu, nayo ikasimama pale pale kwenye mstari, bila kutikisika.